Tui si Maziwa: Juu ya Istilahi za Samaki wa Nazi

Msomaji wa makala za istilahi amezoea kukuta maneno ya sheria, ya utawala, ya uhandisi na ya tiba. Jiko halitajwi sana. Labda sababu yake ni dhana iliyoenea kwamba upishi hauna istilahi. Kwamba kila mtu hupika kwa lugha aliyonyonya, na kwa hiyo hapana kitu cha kusanifisha. Mimi nami nilikuwa na dhana hiyo mpaka nilipofika Mpanda kwa shughuli nyingine kabisa, nikakutana na mwalimu mmoja wa sayansi kimu. Mwalimu huyo alinipa karatasi mbili zilizopigwa chapa, akaniomba nimweleze, kwa adabu kubwa, ni wapi katika Mkoa wa Katavi panapouzwa mafuta ya mtende.

Karatasi zile nilizitambua mara moja. Zilikuwa tafsiri ya mapishi ya Brazili ya samaki wa nazi, yale ambayo kwa Kireno huitwa moqueca. Mfasiri wake ni rafiki yangu, naye alikuwa ameniletea rasimu niitazame kabla haijatolewa. Nilisahihisha upatanisho wa kisarufi, nikapanga vituo, nikaziondoa "kwa ajili ya" zilizozidi, kisha nikamrudishia nikimwambia kwamba kazi ni safi. Neno mtende nililiona nikalipita. Kadhalika nililipita neno "maziwa ya nazi", ambalo lilijitokeza mara tano katika karatasi hizo mbili.

Mwalimu alikuwa amekwisha kulijaribu somo hilo na wanafunzi wake. Nazi si zao la Mpanda; hufika kutoka pwani, nazo huuzwa kwa bei inayomfanya mtu afikiri mara mbili. Walichanga fedha wakanunua mbili. Karatasi ilisema "maziwa ya nazi vikombe viwili", bila kueleza yanapatikanaje. Wakashauriana. Mwalimu alizaliwa na kukulia bara, nyumbani kwao mboga huungwa kwa karanga. Akaamua kwamba maana yake lazima iwe maziwa yaliyotiwa nazi. Wakakuna nazi, wakaichanganya na maziwa ya ng'ombe, wakamimina juu ya samaki aliyekwisha kukolea ndimu. Msomaji aliyepata kutia ndimu katika maziwa anajua kilichotokea. "Mwanangu," aliniambia, "tulikula ugali kwa chumvi siku ile, na watoto wakaandika katika madaftari yao kwamba Wabrazili hula maziwa mgando na samaki."

Sikumwambia siku hiyo kwamba ni mimi niliyeipitisha tafsiri ile. Makala haya ni njia ya kulipa deni hilo.

Tuanze na tui, maana hapo ndipo kosa lilipo wazi zaidi. Kiswahili kina neno la umajimaji mweupe unaokamuliwa katika nazi iliyokunwa, na neno hilo ni la siku nyingi, ni fupi, na halina utata. Isitoshe, limezungukwa na ukoo mzima wa maneno. Nazi hukunwa kwa mbuzi. Iliyokunwa hutiwa maji kidogo ya uvuguvugu, ikafinyangwa, ikakamuliwa katika kifumbu au chujio. Yanayotoka kwanza ni tui zito, ambalo katika sehemu kadhaa za pwani huitwa pia kasimele. Machicha yakitiwa maji tena na kukamuliwa hutoa tui la pili, jepesi, na wengine hutoa hata la tatu. Kinachobaki ni chicha. Kabla ya hapo, tunda lenyewe limepita majina yake kadiri linavyokomaa: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, na likikaushwa nyama yake huwa mbata. Hata nazi mbovu ina jina lake, joya. Ni taabu kupata lugha ya Ulaya yenye utajiri wa namna hii katika jambo hili, na si ajabu, kwa sababu mnazi haukui kwao.

Sasa mfasiri anapokutana na maneno mawili ya Kiingereza, moja la "maziwa" na jingine la "nazi", akayaunganisha kama yalivyo, anafanya mambo mawili mabaya kwa pamoja. Kwanza analiacha neno lililopo. Pili, na hili ndilo lenye madhara, anaipoteza tofauti ambayo mpishi anaihitaji. Katika mapishi ya samaki wa nazi, awe wa Pemba, wa Lamu au wa Bahia, tui jepesi hutangulia na tui zito hufuata mwishoni, moto ukiwa mdogo, ili lisikatike. Mpishi aliyeambiwa "maziwa ya nazi" tu hana njia ya kujua atie lipi na lini. Kukatika kwa tui nako ni istilahi: mafuta hujitenga na maji, mchuzi ukawa na chembechembe. Katika rasimu tuliyoitaja tendo hilo liliandikwa "kuharibika kwa maziwa", na msomaji angeweza kudhani kwamba nazi ilikuwa imechacha.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni ya jikoni, wala hayamhusu mtumishi wa serikali. La hasha. Tume ya kimataifa ya kanuni za chakula, ile inayofahamika kwa jina la Codex, ilitoa mwaka 2003 kiwango cha bidhaa za maji za nazi. Kiwango hicho kinatenga aina nne kwa kadiri ya mafuta: isiyopungua asilimia 5, isiyopungua asilimia 10, isiyopungua asilimia 20, na isiyopungua asilimia 29. Kwa Kiingereza aina ya kwanza na ya pili huitwa maziwa, ya tatu huitwa malai, na ya nne hupewa jina la malai iliyokolezwa. Afisa atakayeulizwa kuandika lebo ya kopo kwa Kiswahili hana haja ya kuingia katika msitu huo. Tui jepesi, tui, tui zito: aina tatu zimekwisha kupata majina kutoka katika vinywa vya wapishi. Ya nne ndiyo inayohitaji kazi. Pendekezo la "tui lililokolezwa" ni refu kwa lebo. "Kasimele" ingefaa kama isingekuwa tayari ni jina la tui zito la kawaida katika sehemu nyingine za pwani. Mimi naelekea upande wa kuiachia kasimele nafasi hiyo ya nne, na kuitumia "tui zito" peke yake kwa aina ya tatu, lakini nakiri kwamba wapishi wa pwani wana haki ya kunipinga.

Inafurahisha pia kuona jinsi wenzetu wa Ulaya walivyotaabika na neno lao. Tarehe 14 Juni 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba bidhaa za mimea zisiuzwe kwa jina la maziwa, kwa kuwa jina hilo ni la kinachokamuliwa katika mnyama. Lakini yapo majina ya desturi ambayo sheria za Umoja huo zimeyaruhusu, na tui ni mojawapo. Yaani sheria yao ilibidi itoboe tundu kwa ajili ya nazi. Kiswahili hakikuhitaji tundu hilo, na ni vibaya kulitoboa kwa mikono yetu wenyewe katika tafsiri.

Jambo moja zaidi juu ya tui, kisha tuliache. Bara, pasipo minazi, neno hili halikukaa likisubiri nazi. Watu husema tui la karanga, yaani karanga zilizotwangwa au kusagwa, zikavurugwa kwa maji na kutiwa katika mboga. Upanuzi huo wa maana haukufanywa na kamati yoyote. Laiti mfasiri wetu angeandika tui, mwalimu wa Mpanda angeelewa mara moja, hata kama hajapata kuukwea mnazi maishani mwake.

Mafuta ya mtende sasa. Hapa kosa ni la namna nyingine, nalo lina historia. Kiingereza kina neno moja kwa jamii nzima ya miti hii, na Kiswahili hakina. Kina jina la kila mti peke yake. Mnazi ni mnazi, mtende ni mtende, mchikichi ni mchikichi, mvumo ni mvumo, na wapo mkoche, mwale, mkindu na mpopoo. Tafsiri za dini zilichukua mtende kwa sababu ndio mti wa nchi zinazosimuliwa humo, na baadhi ya Wakristo husema Jumapili ya Mitende ilhali wengine husema Jumapili ya Matawi. Kutoka hapo mtende ukaanza kusimama mahali pa kila mti wa jamii hiyo, mpaka mtu anayetafsiri mapishi akaufanya utoe mafuta mekundu. Mtende hutoa tende. Mafuta mekundu hutoka katika nyama ya chikichi, nayo huitwa mawese.

Na mawese, ndugu msomaji, ndiyo yaliyokuwa yamepangwa katika chupa sokoni Mpanda siku ile mwalimu alipozunguka akiuliza mafuta ya mtende. Kigoma ni jirani, na Kigoma ndiyo shina la mchikichi katika nchi yetu. Aidha, tangu mwaka 1972 walipoingia wakimbizi kutoka Burundi, ambao wengi wao walipewa makazi Katumba na Mishamo, mafuta haya yamekuwa na walaji wasiopungua. Kwa Kirundi huitwa amamesa, neno ambalo mtu hahitaji kuwa mtaalamu wa isimu ili kuona undugu wake na mawese. Kwa hiyo mwalimu wetu alikosa kiungo alichokuwa akikiona kila siku, kwa sababu ya neno moja. Inafaa pia watumishi wanaoshughulika na viwanda na ushuru waangalie tofauti iliyomo: mawese hutoka katika nyama ya tunda, na mafuta yanayotoka katika kiini cha kokwa ni kitu kingine, hayana wekundu, wala hayatumiki kwa namna ile ile. Kigoma kokwa hizo huitwa mise, na mafuta yake mafuta ya mise. Kuyaita yote mawili "mafuta ya mawese", kama inavyofanyika katika hati nyingine, ni kuchanganya bidhaa mbili. Tena ni kusema kitu kimoja mara mbili.

Tukifika hapa ni vyema tueleze chakula chenyewe, maana istilahi isiyojua kitu chake huandikwa hewani. Moqueca zipo za namna mbili kuu. Ile ya Bahia hutiwa tui na mawese, na ndiyo iliyotafsiriwa. Ile ya Espírito Santo, jimbo la kusini ya Bahia, haitiwi tui wala mawese. Hupikwa kwa mafuta ya zeituni, na wekundu wake hutokana na mbegu za mti ambao kwa Kireno huitwa urucum. Wafasiri wengi wangeliacha neno hili la mwisho kama lilivyo, wakidhani ni kitu cha ugenini. Mti huo upo pwani ya Afrika Mashariki, na jina lake ni mzingifuri. Rangi yake ni zingifuri. Watu wa Espírito Santo huipika yao katika chungu cheusi cha udongo kinachofinyangwa na wanawake wa Goiabeiras, mtaa wa mji wa Vitória, nao hukipaka maji ya gamba la mkoko kikiwa bado cha moto. Ufinyanzi huo uliandikishwa na serikali ya Brazili mwaka 2002, ukawa wa kwanza katika orodha yake ya urithi usioshikika. Chungu, mkoko, kibia cha kufunikia: hapana hata kimoja kinachohitaji neno jipya.

Mawese yalifikaje Bahia? Yaliletwa na njia ya watumwa kutoka Afrika Magharibi na ya Kati. Jina lake huko, dendê, limetoka katika Kimbundu cha Angola. Nao mnazi Wareno waliuchukua Bahari ya Hindi, wakaupeleka visiwa vya Kepuvede, na kutoka huko ukafika Brazili katika karne ya 16. Muhogo ulisafiri kinyume chake, kutoka Brazili kuja kwetu. Moqueca huliwa pamoja na pirão, ambayo ni unga wa muhogo uliosongwa kwa mchuzi wa samaki. Katika rasimu yetu iliitwa "pudini ya kasava". Mtu wa Karema au Ikola akiambiwa "pudini ya kasava" atadhani ni chakula cha hotelini. Akiambiwa ugali laini wa muhogo uliosongwa kwa mchuzi, ataomba sahani.

Jina la chakula chenyewe ndilo lililonipa shida. Kamusi nyingi za Kireno huliunganisha na Kimbundu, ingawa wapo wanaolipeleka kwenye Kitupi, lugha ya wenyeji wa Brazili, katika neno la kubanika nyama. Ikiwa rai ya kwanza ndiyo sahihi, basi kuna jambo la kuchekesha. Utaratibu wetu wa kuunda istilahi unasema mfasiri atazame kwanza Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, ndipo aende ugenini. Kimbundu ni Kibantu. Neno hili basi lingeingia kwa mlango wa pili, si wa mwisho, hata kama limezunguka Lisboni na Salvador kabla ya kubisha hodi. Lakini tukilitohoa kwa sauti zetu linakuwa mokeka, nalo limekaribiana mno na mkeka. Nilipolitamka mbele ya wanafunzi wa mwalimu yule, mmoja aliuliza kama samaki huyo hulazwa. Pilau, biriani na sambusa zimeingia na majina yake kwa kuwa hazikugongana na kitu. Ushauri wangu ni kwamba mfasiri aandike jina la Kireno mara moja katika kichwa, kisha katika mwili wa maandishi aseme "samaki wa tui na mawese". Jina la maelezo si udhaifu kama wengine wanavyodhani. "Wali wa nazi" na "samaki wa kupaka" ni majina ya maelezo, na hakuna aliyewahi kuyalalamikia.

Yako mambo madogo ambayo nayataja kwa haraka. Majani yanayotiwa mwishoni yaliandikwa "korianda". Pwani ni kotimiri, maduka ya Kihindi yametufundisha dania, na giligilani wengi huitumia kwa mbegu zake. Kwa majani napendelea kotimiri, na kwa mbegu giligilani, ili pasiwe na mtu atakayemimina kijiko cha mbegu pale panapotakiwa fungu la majani. Pilipili hoho na pilipili kali zitofautishwe daima, kwa sababu zilizo wazi. Na kitenzi "chemsha" kisitumike kwa kila kitu kilicho juu ya moto. Maji huchemka, chakula hutokota. Samaki huyu aachwe atokote kwa moto mdogo, wala asikorogwe. Chungu ndicho kinachotikiswa.

Baada ya hayo niliiandika upya karatasi, nikaipeleka kwa mwalimu siku ya tatu. Naiweka hapa kwa ufupi wake: Samaki kilo moja, akatwe vipande vinene, apakwe ndimu, chumvi na kitunguu saumu kilichopondwa, aachwe akolee kwa nusu saa. Vitunguu maji viwili, nyanya tatu na pilipili hoho mbili zikatwe duara. Nusu ya hivyo ipangwe chini ya chungu, samaki juu yake, na nusu iliyobaki juu ya samaki. Utie tui jepesi kikombe kimoja, ufunike, uache vitokote kwa moto mdogo kiasi cha dakika kumi na tano. Umimine tui zito kikombe kimoja na mawese vijiko vitatu, utikise chungu, uache dakika tano zaidi bila kufunika. Unyunyize kotimiri, uepue.

Mwalimu aliisoma, akachukua kalamu, akafuta neno moja. Niliandika kwamba samaki awe chewa au papa, maana Wabrazili hupenda samaki wa bahari mwenye nyama ya kushikana. Yeye alifuta chewa akaandika kuhe. Kuhe ni samaki wa Ziwa Tanganyika, nyama yake ni nyeupe, na kwa maneno yake mwenyewe hasambaratiki chunguni kama mgebuka. Nilimwuliza kama ni haki mfasiri kumbadilisha samaki. Alinijibu kwamba reli ya kutoka Kaliua ina kilometa 210, na kabla ya hapo pana Tabora na safari nzima ya kutoka pwani. Chewa atakayefika Mpanda kwa njia hiyo haitaji tafsiri, anahitaji maziko.

Nimelifikiri jambo hilo tangu wakati ule. Katika hati inayoeleza desturi za Brazili, chewa abaki chewa, na msomaji aambiwe ni samaki wa namna gani. Lakini karatasi ya mapishi ni maagizo ya kazi, kama vile maagizo ya dawa au ya mashine, na maagizo yasiyotekelezeka mahali yanaposomwa hayajatafsiriwa bado. Kwa hiyo katika nakala iliyobaki Mpanda samaki ni kuhe, na katika nakala niliyomrudishia rafiki yangu mfasiri nimeandika chewa, na pembeni yake, kwa mabano, "au samaki yeyote wa hapo mwenye nyama ya kushikana".